Gari Lisiloazimwa

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo alfajiri, na kaka yangu kaanza nayo. Nimesimama getini namsubiri anipeleke kazini, na mwavuli, viatu mkononi, simu sikioni. "Niko njiani," kaniambia. Nyuma yake namsikia mkewe akimwambia chai inapoa. Njiani gani hiyo yenye chai?

Naandika haya kwa hasira, na nitaendelea kuandika mpaka hasira iishe au mvua ziishe, kitakachotangulia.

Kazi yangu ni kulaza watu usingizi. Mimi ni muuguzi wa nusukaputi. Daktari wa upasuaji hamgusi mgonjwa mpaka mimi niseme amelala. Leo palikuwa na mama mmoja mwenye uvimbe, hajatia kitu kinywani tangu jana, hata maji. Nimemkuta analia. Haumwi sana, ni njaa na hofu. Kaniuliza, "Muuguzi, mmeniahirisha?" Nikamshika mkono huku mimi mwenyewe nachuruzika maji.

Matroni, mkuu wetu pale upasuaji, hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Dada," kasema, "mkono wako ni mwepesi kuliko wote niliofanya nao kazi. Lakini mkono ulioko barabarani haunisaidii. Ukichelewa tena mvua hizi, nakutoa humu. Utakaa mapokezi uandike majina."

Mapokezi! Nimesoma mpaka macho yakaingia ndani ya kichwa, halafu nikaandike majina! Thubutu.

Jumanne, 5 Machi

"Niko njiani." Nimepanda pikipiki, nimefika kwa wakati, nimelowa chapachapa.

Jumatano, 6 Machi

Nieleze habari ya gari la baba, maana ndiyo mzizi wa fitina. Baba alipokuwa mgonjwa alisema, "Gari hili ni la wote." Tukaitikia wote. Tulipotoka kuzika, ufunguo ulikuwa mfukoni mwa kaka, na mpaka leo haujatoka. Makubaliano yalikuwa anipeleke kazini asubuhi, ampeleke Mama kliniki, na mchana afanye shughuli zake. Shughuli zake zimekuwa nyingi. Mama huenda kliniki kwa miguu akiwa na goti lake lile. Nikilalamika naambiwa mimi ndiye mchoyo.

Basi nimeamua. Nanunua gari. Jipya, la dukani, la wastani, milango minne na buti nyuma, la kwenda kazini na kurudi. Akiba ninayo, niliiweka ya kumalizia chumba cha uani. Chumba kitasubiri, hakijawahi kumfukuzisha mtu kazi.

Nimemwambia Mama jikoni. Kaendelea kumenya vitunguu.

"Kaka yako umemwambia?"

"Nimwambie? Kwani ananinunulia yeye?"

"Heri nusu shari kuliko shari kamili, mwanangu."

Mama yangu huyu! Maisha yake yote ni heri nusu shari. Ndiyo maana kaka katupanda vichwani. Nimemwacha na vitunguu vyake nikaja kulala bila kumuaga, na sijutii.

Jumapili, 10 Machi

Wameitisha kikao. Gari langu ambalo hata sijaliona limeitishiwa kikao.

Mwenyekiti ni Mjomba, kaka mkubwa wa Mama, ambaye tangu baba afariki amejiteua kuwa kichwa cha nyumba ambayo hailipii hata umeme. Kaka kaja na mkewe, na picha kwenye simu. Kamtafuta mtu anayeuza gari kuukuu la watu saba. Saba! Kasema tutakwenda wote kwenye misiba, wote harusini, wifi atabebea mizigo ya duka lake, na siku za kazi "tutaangalia ratiba".

"Na mimi kwenye ratiba niko wapi?" nikauliza.

"Wewe nitakupeleka mimi," kasema kaka. "Kama kawaida."

Kama kawaida! Hakucheka hata kidogo, aliyasema haya kwa moyo wote. Nikawaambia nataka gari jipya, dogo la kunitosha, lenye dhamana, lisilohitaji fundi wala kikao. Mjomba akaniinulia kidole. "Mwanamke akiwa na gari peke yake, ukoo unaonekana umevunjika. Nunua unachotaka, lakini ufunguo wa akiba atashika kaka yako. Kwa dharura."

"Loo! Gari halijanunuliwa, ufunguo umeshapata mtunzaji!"

Hapo Mama akacheka. Alicheka ghafla, kisha akaziba mdomo. Mjomba akamgeukia. "Wewe usicheke. Mambo yako na magari tuliyamaliza zamani." Mama akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai. Nilimuuliza baadaye ni mambo gani. Akasema Mjomba ni mzee, anachanganya.

Ijumaa, 15 Machi

Dukani leo. Muuzaji ni kijana wa tai, ananukia manukato mpaka kwenye boneti. Kanipokea vizuri, kanivutia kiti, kisha kauliza, "Mama, na mzee atakuja kuliangalia lini?"

"Mzee gani?"

"Mzee wa nyumbani."

"Mzee ni mimi. Nionyeshe magari."

Tangu hapo naye akanyooka. Kanionyesha matatu. La kwanza nimelipa jina Bibi Harusi: jeupe, linang'aa, mbele lina skrini kubwa kuliko televisheni ya sebuleni kwetu. Nikainama nikatazama chini. Tumbo liko karibu na sakafu. Lile dimbwi la pale darajani lingelilamba siku ya kwanza. La pili ni Tajiri, viti vya ngozi, mlango ukifunga hausikii. Niliposikia bei niliufungua tena nikatoka.

La tatu lilikuwa pembeni, la kijivu, viti vya kitambaa. "Hili halina mbwembwe," kijana kasema kama anayeomba radhi.

"Na mimi sitafuti mchumba."

Nimelipa jina Karani. Nikakaa nyuma kupima magoti. Nikafungua buti. Nikamuuliza linakunywaje, akaniambia kidogo. Nikamuuliza taa ya nyuma ikivunjika naipata wapi, akasema duka lolote la vipuri. Tumbo liko juu. Nikasema nataka kulijaribu, barabara yangu mwenyewe, asubuhi, mvua ikinyesha. Akasema kwa kawaida wateja wanazunguka hapa nje tu kwenye lami mpya.

"Basi wauzieni hiyo lami," nikamwambia. Kakubali tuende Jumamosi ijayo.

Jumatatu, 18 Machi

Niko njiani. Pikipiki tena. Kikohozi.

Jumamosi, 23 Machi

Mama kaomba kuja kwenye majaribio. Nilidhani katumwa na Mjomba anichunguze, nikataka kukataa, lakini alikuwa ameshavaa.

Kijana wa tai kakaa mbele pembeni yangu, Mama nyuma yangu. Mvua ilikuwa inamwagika haswa. Karani aliyekuwepo wa kujaribu alikuwa wa gia za mkono, na mimi sina wasiwasi nazo. Nilijifunzia kwenye gari bovu la chuo cha udereva ambalo gia yake ya tatu ilikuwa inaingizwa kwa maombi. Tukashuka mpaka darajani, tukapita dimbwi taratibu, maji hayakugusa mlango. Tukapanda kile kilima cha hospitali. Kijana kashika mkanda wake kwa mikono miwili.

Kilichonikera ni Mama. Kila nilipobadilisha gia, nilisikia kiti changu kinasukumwa mgongoni. Nikikanyaga klachi, mguu wake unanisukuma. Nikiachia, unaachia.

"Mama, mguu!"

"Samahani mwanangu. Ni goti."

Tuliporudi, kijana kaniambia kwa masikitiko kwamba Karani wa otomatiki wamekwisha mpaka baada ya mvua. Waliobaki ni wa gia za mkono, na bei yao iko chini. "Lakini siku hizi watu hawayapendi," kasema. "Nyumbani kwako wengine watashindwa kuliendesha."

Nikamwambia arudie hayo maneno. Akarudia.

Gari la baba ni la otomatiki. Kaka kajifunzia humo, wifi kajifunzia humo humo. Hajui hata mmoja wao klachi iko upande gani. Nilicheka pale dukani mpaka kijana akaniletea maji. Nikamwambia, "Andika. Nalichukua hili."

Mama hakusema heri nusu shari. Alikuwa anapitisha kiganja juu ya paa la gari, kufuta maji ambayo yalikuwa bado yananyesha.

Jumatano, 27 Machi

Karani yuko uani. Nimemtazama dirishani mara nyingi kuliko ninavyotaka kuandika.

Alhamisi, 28 Machi

Kaka kaja kuliona. Kazunguka, kapiga matairi teke, kachungulia ndani, akaona gia. Uso ukamshuka.

"Kwa nini ununue la namna hii?"

"Bei."

"Mwanamume hashindwi na gia," kasema. "Ufunguo wa akiba uko wapi?"

"Uko salama."

Jumanne, 2 Aprili

Nimefika kabla ya Matroni. Kaniangalia, kaangalia saa ya ukutani, kasema, "Hii saa ni mbovu?"

Jumanne, 9 Aprili

Mvua kubwa kuliko zote. Barabara ya chini imefungwa, nimezungukia juu, nimefika mkavu. Kulikuwa na mzee wa ngiri aliyelala bila kula, ananisubiri. Kaniuliza kama nitamwamsha. Nikamwambia sijawahi kumsahau mtu. Tumeanza kwa wakati, na Matroni kanichekea kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Nilipokuwa narudi kaka kapiga simu. Anataka gari Jumamosi ya tarehe 20, anakwenda kwa wakwe zake, la baba liko gereji. Nikamwambia hapana. Kasema nitamwendesha mimi basi. Nikamwambia Ijumaa nina zamu ya usiku, Jumamosi nitakuwa nimelala. Kasema nimebadilika. Ndiyo, nimebadilika. Nimekauka.

Jumamosi, 20 Aprili

Nitaandika yote.

Nilirudi kutoka zamuni, nikatundika ufunguo kwenye msumari wa mlangoni, nikalala. Nikaota mtu anasaga mawe. Nikaamka, na mawe bado yanasagwa. Ilikuwa gia ya Karani.

Nilitoka na shuka niliyolalia. Mvua. Karani alikuwa amekwama getini, nusu ndani, nusu barabarani, amezima. Kwenye usukani kaka yangu, na suti yake ya kwendea ukweni. Pembeni wifi kashika kapu la zawadi, kakaza macho mbele. Barabarani pikapu la matofali linapiga honi, nyuma yake magari mengine, na majirani wametoka na miavuli kana kwamba ni maonyesho. Kaka akawasha. Gari likaruka kama chura, likazima. Akawasha tena, likanguruma, na ile harufu ikatoka. Aliyewahi kuunguza klachi anaijua. Moyo wangu uliungua nayo.

"Zima!" nikapiga kelele. "Unaliua! Zima!"

"Rudi ndani, nalimudu!" akajibu. Mbele ya watu wote hawa, analimudu!

Nikaenda mlangoni kwake. Kumbe kaufunga kwa ndani. Kaka yangu amejifungia ndani ya gari langu. Nikaanza kugonga kioo kwa ngumi, nalia, na sioni aibu kuandika kwamba nilimtukana tusi ambalo baba angenichapa kwalo.

Ndipo Mama akatoka. Bila mwavuli, na lile goti, taratibu. Akanigusa bega nikasogea. Akagonga kioo mara moja kwa pete yake.

"Shuka."

"Mama, rudi ndani, unalowa."

"Nilikuambia mwenyewe amelala. Ulinijibu nini?"

Kaka akatazama gia.

"Shuka, nimesema."

Akafungua, akashuka. Nilidhani Mama anamtaka anipishe mimi. Hakuwa na habari na mimi. Alikunja gauni lake magotini, akaingia, akapeleka mkono chini ya kiti, akakivuta mbele bila kupapasa. Akarekebisha kioo. Akamwambia wifi, "Funga mkanda, mkwe wangu." Akakanyaga klachi mpaka mwisho, akawasha, akatoa kichwa dirishani kwenye mvua, na akamrudisha Karani nyuma kupitia lile geti letu jembamba ambalo mimi mwenyewe hulipita kwa kusali. Kwa mkupuo mmoja. Hakugusa hata majani ya ua.

Dereva wa pikapu la matofali akapiga honi mara mbili, ya heshima. Jirani mmoja akapiga makofi.

"Mama," kasema kaka, suti imemganda mwilini, "umejifunza lini?"

"Kabla hujazaliwa."

Wamekwenda ukweni kwa pikipiki mbili, na kapu.

Baadaye tulikaa jikoni tunajikausha, na Mama akaniambia. Kabla ya kuolewa alikuwa dereva wa gari la mikate. Miaka minne. Alfajiri anapakia, anazungusha maduka yote ya mji, saa tatu kamaliza. Mwenye mikate alikuwa akisema hakuna mkate unaopondeka akiwa na yule binti. Baba alipoposa alisema mke wake hataendesha gari la watu. Mjomba ndiye aliyetumwa kwenda kumnyang'anya ufunguo. Mama alikuwa ameushika mkononi, Mjomba akamfungua vidole kimoja kimoja.

"Na wewe ukanyamaza?"

"Nikanyamaza. Heri nusu shari." Akakamua maji kwenye pindo la gauni. "Nikawa nakufundisha na wewe unyamaze. Nilidhani nakukinga, kumbe nilikuwa namsaidia mjomba wako."

Nimekaa nyumba moja na mtu huyu maisha yangu yote nikimwona mwoga. Nimemkumbatia tukalowana tena wote wawili. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na mimi nilikuwa sijaliona hata hilo kovu.

Jumatatu, 22 Aprili

Nilikwenda kazini roho mkononi. Karani kanuka kidogo kwenye kilima, lakini kapanda. Fundi kaitazama klachi, kasema imeungua juu juu tu, itaishi. Nimeanza kwa wakati.

Jumapili, 28 Aprili

Kikao cha pili. Mjomba anataka nimwombe kaka radhi kwa lile tusi. Nimeomba radhi kwa tusi. Kisha akasema, "Na ule ufunguo wa akiba sasa utolewe, tumalize."

"Umeshatolewa," nikasema.

Mama akauchomoa kifuani akauweka mezani, kiganja juu yake. Nilikuwa nimempa siku ile ile aliyomtoa Karani getini.

Mjomba akautazama mkono ule kwa muda. Nadhani aliukumbuka. "Dada yangu," kasema, "umri huu?"

"Njoo unifungue vidole," kasema Mama.

Mjomba kanywa chai yake, kaaga mapema, kasema mvua inakuja.

Jumamosi, 4 Mei

Kaka kaja mwenyewe, bila wifi, kamwomba Mama amfundishe gia. Mama kamwambia, "Kesho saa kumi na mbili asubuhi. Ukichelewa nimeondoka."

Jumapili, 5 Mei

Kachelewa. Mama hakumsubiri. Kanifundisha mimi kurudi nyuma getini bila kusali.

Ijumaa, 17 Mei

Mama amefaulu mtihani wa leseni! Mkaguzi kamuuliza amefundishwa na nani, kamjibu, "Mikate."

Jumatatu, 27 Mei

Mvua zimeisha, nadhani. Leo jua limewaka tangu asubuhi na udongo wa njiani umeanza kupasuka.

Mama alichukua gari mchana, peke yake kwa mara ya kwanza. Alisema anakwenda kliniki kuonyesha goti, kisha atapita kumwona rafiki yake wa zamani wa kwenye mikate, atarudi saa kumi. Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja ikapita. Mimi nina zamu ya jioni, na Matroni hajafuta lile neno lake. Nikavaa, nikabeba mkoba, nikatoka getini. Nikajikuta nimesimama palepale, viatu vimepigwa rangi, natazama kona, na hasira zile zile zinanipanda. Nikanunua gari lisiloazimwa, halafu nikaliazima kwa mikono yangu!

Kaka akapita na gari la baba, akapunguza. "Nikupeleke?" Aliuliza vizuri, sitamsingizia. Mlango wa pembeni ulikuwa umeshafunguliwa.

Simu yangu ikaita. Mama.

"Uko wapi, Mama?"

"Niko njiani."

Nikafumba macho. Na nyuma ya sauti yake sikusikia chai wala vikombe. Nilisikia indiketa inagonga, na mwanamke mwingine mzee anacheka kwa nguvu.

"Nenda tu, kaka," nikasema. "Wangu anakuja."

Kabla hajafunga mlango, Karani akakata kona.